Kijani cha Dashibodi

Muuza vipuri alikwisha kumwaga aina kumi na moja za balbu juu ya kaunta, na mama yule bado alikuwa anatikisa kichwa.

"Hii je?"

"Nyeupe mno. Hiyo ni taa ya kung'olea meno."

"Na hii?"

"Hiyo bluu, baba. Nimekwambia kijani tangu nimeingia."

"Haya, kijani hiki hapa."

Aliichukua kwa vidole viwili, akaishika mbele ya mwanga wa mlangoni, akairudisha. "Hiki ni kijani cha bango la duka la dawa. Mimi nataka kijani kilichopoa."

Muuza vipuri akashusha pumzi. Alikuwa mtu mstaarabu, lakini nyuma ya mama huyu walikuwa wamesimama wateja watatu, na mmoja alishaanza kukohoa kwa makusudi. "Mama yangu, balbu ni balbu. Mtu akiendesha anaangalia barabara, haangalii taa za dashibodi."

"Mimi siendeshi. Mimi nakaa kiti cha abiria."

"Sasa dereva wako yeye anasemaje?"

"Alifariki."

Yule muuza vipuri akaanza kuokota balbu zake moja moja, polepole, zisigongane. Na aliyekuwa anakohoa, kikohozi kikamwisha ghafla.

Mtaani walimwita Sindano. Jina lilikuwa na sababu mbili, na zote mbili za kweli: alishona nguo za watu kwa miaka thelathini na tano, na ulimi wake ulikuwa unachoma. Mumewe naye walimwita Taratibu. Alikuwa mpima ardhi, mrefu, mkimya, na aliendesha gari kana kwamba amepakata trei ya mayai. Baiskeli zilimpita. Siku moja alipitwa na mtu anayesukuma kitanda kwenye mkokoteni, na mtu yule, bila haya, akageuka kumpungia mkono. Taratibu naye akampungia. Hakuwa mtu wa kugombana.

Sasa sikilizeni shida yenyewe, maana bila hii mtadhani mama wa watu amechanganyikiwa. Taratibu alikuwa na miaka mitatu kaburini, na mkewe alikuwa ameanza kuusahau uso wake.

Picha zilikuwepo, tena nyingi. Lakini Taratibu alikuwa kila akiona kamera anakakamaa, unaweza kudhani anapimwa urefu. Mtu wa kwenye picha alikuwa mgeni tu aliyevaa shati la mumewe. Taratibu mwenyewe, yule wa kweli, Sindano alikuwa akimwona jioni, alipokuwa anakuja kumchukua kazini na lile gari lao la zamani lenye pua ndefu na taa za mviringo. Kiza kikianza kuingia, anawasha taa, dashibodi inapata kijani chake kile kilichopoa, na mwanga unampanda usoni kutoka chini: pua, kidevu, na mdomo wa chini aliokuwa akiuuma kila anapobadilisha gia. Sindano alikuwa anakaa pembeni, miguu inamuuma kwa kutwa nzima ya cherehani, anamtazama. Hawakuwa wanaongea sana. Kwa mtu mwenye ulimi kama ule, kukaa kimya nusu saa nzima bila kulazimishwa ndiyo ilikuwa raha yake ya siku.

Uso huo ndio uliokuwa unamtoka. Mwaka ule aliamka asubuhi moja, akautafuta kama mtu anavyopapasa miwani kando ya kitanda. Pua ilikuja. Kidevu kikagoma. Alikaa kitandani mpaka jua likafika miguuni, anakiita kidevu cha mumewe, na hakikuja. Alikuwa amekwisha kumzika mara moja. Hakuwa tayari kumzika tena.

Binti yake, aliyeolewa mbali, alikuwa kila akipiga simu anasema, "Mama, gari hilo liuze, linakula nafasi." Sindano akafanya kinyume. Akaita fundi wa injini, injini ikafufuka. Breki zikashika. Hata honi ikalia, kwa sauti ya mbuzi mwenye mafua, lakini ikalia. Kitu kimoja tu kilikataa: taa za dashibodi, zote nne. Fundi wa injini akanawa mikono, akasema hiyo si kazi yake, aitwe Waya.

Waya alikuwa fundi umeme wa magari, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye penseli sikioni ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiandika nayo. Aliitumia kunyooshea nyaya. Alikuwa anajua kazi, na alikuwa anaongea kupita kiasi. Siku ya kwanza aliingiza mkono chini ya dashibodi, akazungusha, akachomoa balbu tatu, nyeusi tii.

"Zimeungua hizi, mama. Masizi matupu." Akazitupa kwenye kopo la takataka zake. "Ya nne iko nyuma ya saa, mkono haufiki. Tuanze na hizi, tukipata rangi unayotaka nitakufungulia dashibodi yote."

Hapo ndipo safari za madukani zilipoanza. Ilikuwa hivi: Sindano ananunua, Waya anafunga, halafu wanajaribu. Na kujaribu kwenyewe kulikuwa kituko, kwa sababu taa ya dashibodi mchana haionekani. Walifunga milango ya banda, lakini mabati yalikuwa na matundu. Mwishowe Waya akalifunika gari zima kwa turubai, wakaingia ndani wote wawili, yeye kwenye usukani, mama kwenye kiti chake.

"Mama, majirani watasemaje?"

"Watasema Sindano kapata kijana. Washa taa."

Zile nyeupe zilimwonyesha vumbi na magoti yake mwenyewe. Za manjano zilimpa usingizi. Za kijani, zile za kisasa zisizopata moto, ndizo zilizomkata maini, maana alishaanza kujipa moyo. Waya akawasha, Sindano akageuza kichwa taratibu, na pembeni yake akamkuta Waya, mdomo wazi, amekuwa kijani kama mtu aliyekula chakula kilicholala.

"Zima," akasema. Akakaa pale gizani na machozi yakamtoka, na Waya akashuka kuliondoa turubai.

Ile safari ya balbu kumi na moja ilikuwa ya tano. Alirudi mikono mitupu, akamkuta Waya amekaa juu ya tairi la akiba.

"Mama, hebu nikuulize. Zile za marehemu alizinunua wapi?"

"Sijui. Mwanzoni gari lilikuwa na taa za kawaida tu, hafifu. Siku moja alirudi safari, alikuwa amekwenda kupima mashamba wiki tatu. Jioni akaja kunichukua. Akawasha. Akaniambia, 'Unaonaje?' Nikamwambia nzuri, umezinunua wapi? Akacheka. 'Siri ya fundi,' akasema. 'Nitakwambia siku moja.'"

"Ikawaje?"

"Siku yenyewe haikufika. Na mimi sikumbana, maana siku zile nilikuwa na moto wangu moyoni. Nilikuwa nimegombana na wifi yangu."

Na kwa kuwa Waya alikuwa Waya, akauliza waligombania nini.  Sindano akamwambia, maana lilikuwa jambo la kuchekesha ukilisema haraka.

Waligombana kwa ajili ya rangi ya kucha. Ndiyo, msicheke. Bibi harusi mmoja aliyeshonewa gauni alimzawadia Sindano kichupa cha rangi ya kucha, kijani cha embe bichi, rangi ambayo mtaa mzima haukuwahi kuiona. Sindano aliipaka kwa uchoyo, siku za sherehe tu. Wifi yake, dada wa Taratibu, alikuwa anaishi nao wakati huo, msichana mnene wa mashavu, mcheshi. Aliiomba mara mbili, akanyimwa mara mbili. Halafu asubuhi ileile Taratibu alipoondoka safari, kichupa kikatoweka.

Sindano hakuuliza. Alihukumu. Tena hakusubiri wawe wawili, alisema mbele ya mteja aliyesimama kupimwa kiuno: "Wifi, mkono wako ni mrefu." Wifi akafunga virago jioni hiyohiyo. Siku nne baadaye akarudi, akapita bila salamu, akaweka kichupa juu ya cherehani. "Chukua rangi yako, uridhike," akasema, akatoka. Kumbe! Sindano akajiambia. Si ndiyo nilisema? Akakitupa kichupa kwenye droo ya cherehani, chini ya vibobini vya nyuzi, na kwa kisirani akaapa hatakipaka tena maishani.

Taratibu aliporudi akakuta dada yake hayupo. Akamuuliza mkewe kulikoni. "Muulize dada yako." Akamuuliza dada yake. "Muulize mkeo." Wanawake wawili wamefunga midomo, na katikati mwanamume asiyejua kubana mtu. Akanyamaza. Miaka ishirini na miwili ikapita hivyo. Msibani wifi alikuja, amejifunika shuka mpaka puani, wakapeana mikono bila kutazamana, akaondoka.

"Kwa rangi ya kucha," alisema Waya.

"Fanya kazi yako," alisema Sindano.

Waya akaamua kufungua dashibodi yote. Alilegeza usukani, akatoa skrubu sita na ya saba iliyokuwa imejificha, akaivuta ile sahani ya saa na spidi kama mtu anayemtoa mtoto usingizini. Nyuma ya saa akaikuta balbu ya nne. Akaichomoa. Akaigeuza juani. Halafu akachukua penseli yake sikioni, akaikwangua.

"Mama. Hebu njoo. Hii haina masizi. Hii imepakwa."

Ilikuwa kijani. Si kioo cha kijani. Ni kioo cheupe kilichopakwa rangi kwa mkono, mahali pazito, mahali pepesi, na chini pamefanya donge. Ilikuwa sehemu yenye ubaridi, nyuma ya saa, kwa hiyo moto haukuigeuza nyeusi kama wenzake. Waya akaruka kwenye kopo lake la takataka, akazitafuta zile tatu, akazikwangua. Chini ya weusi, kijani. Kijani. Kijani.

"Na mimi nikasema masizi! Mama, nisamehe, mimi ni fundi mjinga. Marehemu alipaka rangi ya... hii ni rangi gani hii? Inabanduka kama..." Akanyamaza katikati, kwa sababu ameona uso wa mama.

Sindano alikuwa ameijua. Kwenye kucha rangi ile ilikuwa kali, ya kupiga kelele. Ikipitiwa na mwanga kwa nyuma ikawa imepoa. Ndiyo maana kwa miaka yote ile alikaa mbele yake kila jioni, anaipenda, wala asiitambue. Aliipeleka balbu karibu na jicho. Lile donge la chini alilifahamu. Taratibu alikuwa hivyo hata akipaka siagi, anaanza kwa bidii, anachoka mwishoni.

Taratibu alijua mkewe anapenda kijani. Akachukua kichupa chake, akaondoka nacho safarini, akampakia taa hukohuko, labda kikaishia huko, akaja kumwonyesha. Ndiyo ilikuwa siri ya fundi.

 Sindano aliingia ndani, akavuta droo ya cherehani, ileile aliyokuja nayo nyumbani alipoacha kazi, akatoa vibobini, futi, kipande cha chaki. Kichupa kilikuwa palepale. Akakipeleka dirishani. Chake yeye kilikuwa kimebaki robo tatu, na kifuniko kilikuwa na alama za meno, kwa sababu alizoea kukifungua kwa meno. Hiki kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Kifuniko hakina hata mkwaruzo, na ule utepe wa plastiki wa dukani ulikuwa bado umekishika, mzima.

Wifi hakuwa amerudisha kitu. Alikwenda kununua.

"Mama weee," alisema Sindano, peke yake chumbani, akakalia kiti cha cherehani.

Aliporudi bandani Waya alikuwa amechangamka kwa furaha. "Lete hicho! Nikiweka tone la tina, ile ya kuyeyushia rangi, kitalainika, dakika kumi tu tunapaka, tunafunga!"

"Hapana. Hiki si changu."

Akachukua simu. Namba ilikuwa kwenye daftari la anwani, kwa mwandiko wa Taratibu. Ikaita mara nyingi. Halafu sauti, nzito kuliko alivyoikumbuka:

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, wifi. Mimi hapa."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nauliza nani kafa."

"Njoo, wifi. Nakuomba. Nilikusingizia, na ushahidi ninao mkononi."

Simu ilikaa kimya mpaka Sindano akadhani imekatika. "Kesho," ilisema ile sauti. Ndipo ikakatika.

Alikuja saa sita mchana, akasimama mlangoni mwa banda na mkoba kifuani, hakuketi. Mashavu yalikuwa yamekwisha. Alikuwa amekonda, nywele zina mvi kando. Sindano alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri, mazuri, ya mpangilio. Yakamtoroka yote. Akanyoosha viganja viwili tu, kimoja na kichupa, kimoja na balbu.

"Hakikuibwa. Alikichukua kaka yako, akapaka taa za gari. Mimi sikujua, wifi. Nisamehe. Nilikuaibisha mbele ya watu, na hukuwa na kosa hata la kusingiziwa."

Wifi alitazama balbu muda mrefu. Halafu akatazama kichupa.

"Hukukifungua."

"Sikukifungua."

"Nilizunguka maduka siku tatu," alisema wifi. "Nikasema, wacha nikinunue, akikiona mezani moyo utatulia, nitarudi nyumbani kwa kaka. Nikasubiri uniite. Kumbe mwenzangu umeniona nimeungama." Sauti ikapanda. "Miaka ishirini na miwili, Sindano! Kaka yangu nilikuwa namwona barabarani tu, kwenye kona, kama mtu na mchumba wake! Kwa kucha!"

"Sema, wifi. Sema yote."

"Nitasema! Unadhani nimekuja kula biskuti?" Na kweli alisema, mpaka Waya akatoka nje kujifanya anaangalia tairi. Sindano, mwenye ulimi ule mnaoujua, alisimama akapokea vidonge vyake kimoja kimoja. Wifi alipoishiwa, akaichukua balbu, akaigeuza, akaliona lile donge. Kitu kikamcheza mdomoni.

"Ona alivyopaka! Kama anapaka ukuta wa choo!"

Akacheka, Sindano akacheka, halafu hakuna aliyejua ni nani aliyeanza kulia.

Wifi mwenyewe ndiye aliyekata ule utepe wa plastiki. Rangi ilikuwa imeganda kama uji wa jana. Waya akaweka matone matatu ya tina, akatikisa, ikakubali. Wifi akapaka balbu nne mpya, moja baada ya nyingine, kwa mkono mwepesi, bila donge.

"Moja iwekee donge," alisema Sindano. "Moja tu. Ile ya saa."

Wakati zinakauka, Sindano akasema, "Lete mkono." Akamshika wifi vidole, akampaka kucha zote kumi kwa rangi iliyobaki, na wifi akaziacha zipakwe, anazitazama.

Waya akafunga balbu, akarudisha dashibodi, skrubu sita na ile ya saba. "Ingieni wenyewe," akasema. "Mimi leo nitakaa nje." Sindano akakaa kwenye kiti chake. Wifi, kwa kuwa ndicho kilichobaki, akakaa kwenye usukani. Turubai likashuka juu yao, giza likaingia, wakawa wanasikia pumzi zao tu na kucha mpya za wifi zikipapasa swichi.

"Ni hii?"

"Ivute."

Kijani kikaja. Hakikurukia macho; kilikuja polepole kwenye namba za spidi, kwenye mshale wa mafuta, kwenye saa iliyosimama, kilekile, kilichopoa. Sindano alikitazama. Halafu, kama alivyokuwa akifanya kila jioni, bila kufikiri, akageuza kichwa pembeni.

Pua. Mdomo wa chini, umeumwa kidogo, kwa mtu anayejizuia kulia. Na kidevu. Miaka ilikuwa imemwondolea wifi ule unene wa usichana, na chini yake ulikuwepo wakati wote mfupa wa kaka yake, mtupu, umepandishwa na mwanga kutoka chini. Sindano alikuwa ameufukuza uso ule nyumbani kwake, kisha akazunguka madukani kuutafuta kwenye balbu.

"Unaniangalia nini?" aliuliza wifi, anataka kugeuka.

"Usigeuke. Nakuomba, wifi, kaa hivyohivyo. Angalia mbele."

Wifi akamwelewa, sijui vipi, labda kwa sauti. Akashika usukani kwa mikono miwili, akaangalia mbele kwenye giza la turubai, na machozi yakamshukia kwenye kile kidevu naye hakuyafuta.

Waya alisubiri nje, kisha uvumilivu ukamwisha, akagonga bodi kwa penseli.

"Vipi huko? Rangi ndiyo yenyewe? Niondoe turubai?"

"Bado!" walisema wote wawili.